Mtihani wa Ujirani Mwema: Somo la Karatu, 2017

Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017, wanafunzi wa darasa la saba wa Shule ya Msingi Lucky Vincent ya jijini Arusha walisafiri kwenda Karatu. Mwenyeji wao alikuwa Shule ya Tumaini, na kilichowapeleka huko ni mtihani wa kujipima wa pamoja, ule ambao walimu wetu huuita mtihani wa ujirani mwema. Walipofika eneo la Rhotia, basi dogo walilopanda liliacha njia na kutumbukia korongoni. Kati ya watu 38 waliokuwamo, 35 walifariki: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu walionusurika walipelekwa Marekani kwa matibabu na kurejea nchini Agosti mwaka huohuo.

Taifa lililia. Tarehe 8 Mei, majeneza yalipangwa katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na Makamu wa Rais wa wakati huo, Mama Samia Suluhu Hassan, aliongoza maombolezo. Baadaye mmiliki wa shule alifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya usalama barabarani, likiwemo la kuzidisha abiria. Kwa wengi, habari iliishia hapo: basi, dereva, mmiliki.

Lakini historia hutudai swali la nyuma zaidi: safari ile ilitokana na nini?

Ilitokana na mambo mawili yaliyokutana. La kwanza ni desturi kongwe na njema ya shule kutembeleana, iwe kwa michezo, midahalo au masomo. UMITASHUMTA na UMISSETA zimelea vizazi vya vijana waliojifunza kwamba nchi ni pana kuliko kijiji chao. La pili ni ushindani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilipanua nafasi ya sekta binafsi, na shule zikaanza kugombea wazazi. Mwaka 2017 Baraza la Mitihani lilikuwa bado likitangaza shule kumi bora, utaratibu uliokomeshwa mwaka 2023. Katika mazingira hayo, kupima watoto wako dhidi ya watoto wa shule nyingine nzuri lilikuwa jambo la lazima, hata kama shule hiyo iko zaidi ya kilomita 100 kutoka kwako.

Hivyo jina la ujirani likabaki, ilhali shughuli yenyewe ikawa ya ushindani. Jirani anayefikiwa kwa saa kadhaa za barabara, tena mwezi wa masika, si jirani tena. Ni mgeni, na mgeni ana haki zake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mgeni naye nani amponye? Siilaumu shule yoyote kati ya hizo mbili. Nauliza juu ya utaratibu wetu sote. Shule mbili zinapokubaliana kukutana, barua za mwaliko hutaja tarehe, ada, chakula na masomo yatakayotahiniwa. Barabara huachwa katikati. Shule inayosafiri huona imealikwa. Shule inayoalika huona kazi yake inaanzia getini. Mzazi hulipa mchango na kuamini kwamba kuna mtu ameshakagua.

Maafisa elimu wanaweza kuliziba pengo hilo bila kusubiri sheria mpya. Kibali cha safari kisitolewe mpaka shule zote mbili zitie saini juu ya gari lililokaguliwa, idadi ya viti, dereva, majina ya watoto na saa ya kuondoka. Mwenyeji awe na haki, na wajibu, wa kuahirisha mvua inapozidi. Na kama lengo ni mtihani tu, basi mtihani ndio usafiri: bahasha iliyofungwa na mwalimu mmoja msimamizi wanatosha. Watoto wasafirishwe pale tu ambapo kukutana kwao ndiko kunakotafutwa.

Wanafunzi wangu huniuliza historia ya jana inamsaidia nini mtumishi wa leo. Nawajibu kwamba ipo meza fulani ya wilaya ambayo leo ina barua ya kuomba ziara ya shule. Afisa anayeisoma akumbuke Rhotia kabla ya kugonga muhuri.