Tshimanga Biakabutuka, mtoto wa Kinshasa aliyekimbia yadi 313 kwa siku moja

Lusangi, kama kwingine kote Maniema, ukitaja mpira watu wanaelewa ule wa miguu, ule wa Maniema Union na wa Léopards. Kuna mpira mwingine, wa Wamarekani, unaobebwa mkononi na kugombaniwa kwa mabega, na mtoto wa inchi hii aliucheza hadi akaweka rekodi katika chuo kikubwa cha huko. Anaitwa Tshimanga Biakabutuka.

Alizaliwa Kinshasa tarehe 24 mwezi wa 1 mwaka 1974. Ndio mwaka Léopards walikwenda Kombe la Dunia Ujerumani, na Muhammad Ali akampiga George Foreman katika kiwanja cha 20 Mei. Mobutu alikuwa amekwisha kukataza majina ya Kikristo, kwa hiyo watoto wa wakati ule waliandikishwa kwa majina ya wazee tu. Huko ng'ambo Tshimanga lilifupishwa likawa Tim, jina ambalo Zaïre ya Mobutu isingelikubali. Biakabutuka lilibaki zima, herufi zake zote 11.

Familia ilihamia Kanada yeye akiwa bado mtoto, akakulia Longueuil, ng'ambo ya mto kutoka Montréal, mahali watu wanaposema Kifaransa. Huko shuleni ndiko alikojifunza mchezo huo. (Njia hiyo ya Kinshasa na Kanada ilikuja kupitwa pia na Henoc Muamba, aliyechaguliwa mchezaji bora wa fainali ya Kanada mwaka 2022.) Mwaka 1993 Biakabutuka akaingia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani.

Katika mpira huo kila mtu ana kazi yake. Mpokeaji wa pembeni anakimbia mbele na kudaka mpira unaorushwa kutoka nyuma. Biakabutuka hakuwa mpokeaji, alikuwa mkimbiaji: anakabidhiwa mpira mkononi, kisha anapenya ukuta wa watu wenye kilo zaidi ya mia moja. Mpokeaji anaweza kumaliza mechi nzima akiwa ameangushwa mara tano au sita. Mkimbiaji anaangushwa karibu kila mara anapoushika mpira. Bila kuelewa tofauti hiyo, yaliyompata Biakabutuka hayaeleweki.

Siku yake ilikuwa tarehe 25 mwezi wa 11 mwaka 1995. Ohio State, mahasimu wa Michigan, walikuja wakiwa hawajapoteza mechi hata moja, wa pili katika inchi nzima. Walikuwa na Eddie George, mkimbiaji ambaye wiki chache baadaye alipewa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote, na Terry Glenn, mpokeaji hodari kuliko wote mwaka huo. Watu zaidi ya 100,000 walikuwa kiwanjani. Biakabutuka alikabidhiwa mpira mara 37, akakimbia yadi 313. Kwa mita ni 286, sawa na kuvuka kiwanja cha mpira wa miguu karibu mara tatu, na kila hatua kuna mtu anayetaka kukulaza chini. Kwa mkimbiaji, yadi 100 katika mechi moja tayari ni kazi ya kusifiwa. Michigan walishinda 31 kwa 23, na Ohio State wakapoteza nafasi ya kuwa mabingwa.

Miezi mitano baadaye ekipe za kulipwa zilikaa kuchagua vijana wapya. Wa kwanza kabisa aliyeitwa alikuwa mpokeaji, Keyshawn Johnson. Wa saba alikuwa Terry Glenn. Wa nane alikuwa mtoto wa Kinshasa, aliyechukuliwa na Carolina Panthers, ekipe iliyokuwa imecheza mwaka mmoja tu. Eddie George alisubiri hadi nafasi ya 14.

Mechi ya nne tu, goti la Biakabutuka likakatika mshipa. Mwaka wake wa kwanza ukaishia hapo. Panthers waliendelea bila yeye, na Anthony Johnson, aliyechukua nafasi yake, akakimbia yadi zaidi ya 1,000. Ekipe ilifika mchezo mmoja kabla ya fainali kuu, mwenyewe akiwa mgonjwa.

Alirudi, lakini hakuna mwaka aliomaliza mechi zote 16. Wako wanaomhesabu kati ya waliochaguliwa kwa makosa, na hesabu hiyo si ya haki. Mwaka 1999, mwili ulipomruhusu kucheza mechi 11, alipata wastani wa yadi 5.2 kila alipokimbia na mpira, wakati mkimbiaji wa kawaida anapata kama 4. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka huo, dhidi ya Washington, alifikisha mpira mstari wa mwisho mara tatu katika robo ya kwanza peke yake. Panthers wakapoteza 38 kwa 36, na nani alaumiwe hapo? Kipaji kilikuwepo. Kilichokosekana ni mwili wa kukibeba.

Mwaka 2001 mguu uliumia tena, na kazi ikaisha akiwa na miaka 27. Miaka sita, mechi 50. Eddie George yeye aliendelea kuanza kila mechi kwa miaka minane mfululizo, akapita yadi 10,000. Ni wakimbiaji wawili waliokutana kiwanja kimoja siku moja, na siku hiyo mdogo wao kwa sifa ndiye aliyekuwa mkubwa.

Baada ya mpira Biakabutuka aliingia katika biashara, akawa na migahawa ya kuku wa kukaanga upande wa Georgia. Yadi zake 1,818 za mwaka 1995 hazijapitwa na mkimbiaji yeyote wa Michigan.