Kabeza kati ya Arusha na gacaca

Kabeza ni mtaa wa mashariki mwa Kigali, katika sekta ya Kanombe, wilaya ya Kicukiro. Majirani zake wawili wanajulikana kuliko mtaa wenyewe: uwanja wa ndege na kambi ya jeshi ya Kanombe. Usiku wa Aprili 6, 1994, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilitunguliwa ikikaribia kutua, na mabaki yake yakaanguka kwenye makazi yake hukohuko Kanombe. Siku mbili zilizofuata, Aprili 7 na 8, siku za kwanza za mauaji ya kimbari, wanajeshi walipita Kabeza nyumba kwa nyumba wakiwaua Watutsi.

Yaliyotokea baadaye kwa damu hiyo, kwa upande wa sheria, ni hadithi ya njia mbili zilizoanza mwaka mmoja na kuisha mwaka mmoja.

Njia ya kwanza ilipitia Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama mnamo Novemba 1994, na Aprili 2002 ikaanza kusikiliza kesi ya Kanali Théoneste Bagosora na maafisa wenzake watatu. Mmoja wao alikuwa Meja Aloys Ntabakuze, kamanda wa kikosi cha makomando wa miavuli cha Kanombe. Kesi ilichukua siku 408 za vikao na mashahidi 242. Hukumu ilisomwa Desemba 18, 2008, na jina la Kabeza lilikuwamo: Ntabakuze alipewa kifungo cha maisha, na mauaji ya mtaa ule yalikuwa sehemu ya makosa aliyotiwa hatiani kwayo. Akakata rufaa. Mei 8, 2012, majaji wa rufaa waliifuta sehemu ya Kabeza kwa kasoro ya jinsi shtaka lilivyoandikwa, wakabakiza makosa mengine, na kifungo cha maisha kikashuka hadi miaka 35.

Kwa mwanasheria, huo ni uamuzi wa kawaida kabisa: mshtakiwa ana haki ya kujua mapema anashtakiwa nini. Kwa mtu aliyefiwa Kabeza, ni jambo gumu kulimeza. Majaji wa rufaa hawakusema mauaji hayakutokea. Yalikosa tu mahali pake katika karatasi.

Njia ya pili ilianza Juni 18, 2002, wiki chache baada ya kesi ya Bagosora kufunguliwa, nayo haikuhitaji tiketi ya kwenda Tanzania. Ilikuwa gacaca.

Zamani gacaca ilikuwa kikao cha wazee waliokaa nyasini kusikiliza ugomvi wa mpaka wa shamba, ng'ombe walioharibu mazao, mahari, deni. Aliyekosa aliwaletea wenzake pombe, wakanywa pamoja, na jambo likaisha. Hapakuwa na gereza katika hesabu hiyo. Damu iliyomwagika haikuwa kazi ya kikao cha aina hiyo. Ilipelekwa kwa mwami, yaani mfalme, au ukoo ulilipiza wenyewe. Wakoloni wa Kibelgiji walileta mahakama zao na kuiachia gacaca mambo madogo. Mtafiti Filip Reyntjens alipoichunguza katika miaka ya 1980, aliikuta ikiwa nusu ya mila na nusu ya serikali, mara nyingi ikiongozwa na viongozi wa mitaa.

Chombo hicho cha kuamua kesi za ng'ombe kilibebeshwa mauaji ya kimbari kwa sababu ya hesabu. Kufikia mwaka 2000 magereza ya Rwanda yalikuwa na watuhumiwa wapatao 120,000 waliojazana humo. Wanasheria wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Sheria ya Agosti 30, 1996 ilikuwa imefungua milango ya mahakama za kawaida, na Aprili 24, 1998 watu 22 waliopatikana na hatia walipigwa risasi hadharani, baadhi yao Nyamirambo, hapohapo Kigali, umati ukitazama. Lakini kwa mwendo wa mahakama zile, ilisemekana kazi ingechukua zaidi ya karne moja. Katika mikutano ya Jumamosi iliyofanyika Urugwiro, ofisi ya rais, mwaka 1998 na 1999, ndipo wazo la gacaca mpya lilipokomaa.

Oktoba 2001 wananchi walichagua mahakimu zaidi ya 250,000, walioitwa inyangamugayo, watu wanaojulikana kwa uadilifu. Wengi walikuwa wakulima na wafanyabiashara wadogo waliopewa mafunzo ya siku chache. Maelfu yao waliondolewa baadaye, wao wenyewe walipotajwa katika ushahidi. Benchi lilianza na watu 19, likapunguzwa hadi 9, kisha 7. Mawakili hawakuruhusiwa. Mara moja kwa wiki maduka yalifungwa, watu wakakusanyika, na kuhudhuria hakukuwa hiari.

Mfumo mzima ulisimama juu ya nguzo moja: jirani anamjua jirani. Kijijini nguzo hiyo ilikuwa imara. Katika mitaa ya pembeni mwa Kigali ilikuwa na nyufa. Baada ya 1994 mji ulijaa watu waliorudi kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania, watu ambao mwezi ule wa Aprili hawakuwapo nchini. Waliokuwapo, wengi walikuwa wamekufa au wamehama. Tena mahali kama Kabeza, ambapo walioua walivaa sare na kutoka kambini, shahidi angeweza kukumbuka rangi ya kofia asijue jina. Aliyetajika kwa urahisi alikuwa yule wa mtaani: aliyeonyesha nyumba, aliyesimama kizuizini, aliyebeba mabati baada ya wenye nyumba kufa.

Na mabati hayo hayakuwa jambo dogo. Watu husahau kwamba kati ya kesi 1,958,634 zilizokamilishwa na gacaca nchini, zaidi ya 1,300,000 zilihusu mali: milango, ng'ombe, vitanda, mazao. Hapa ndipo gacaca mpya ilipokaribiana zaidi na ya zamani. Aliyeiba alitakiwa kulipa au kupatana na aliyeibiwa, na pale ambapo mwizi alikuwa fukara, deni lilibaki likidaiwa miaka mingi baada ya kikao kufungwa.

Kwa upande wa damu, gacaca ilikuwa mahakama ya jinai hasa, ingawa ilikaa chini ya mti. Chini ya sheria ya 2004, aliyeua na kukiri kabla hajatajwa alipata miaka 7 hadi 12, nusu yake akiitumikia nje kwa kazi za jamii: kuvunja mawe, kutengeneza barabara, kuchimba matuta milimani. Aliyekataa na kushindwa alipata 25 hadi 30. Wageni waliokuja na kamera walipenda picha ya muuaji akimkumbatia mjane. Picha hizo zilikuwapo, ila msamaha ulioombwa ili miaka ipungue ni msamaha wa aina yake, na waliofiwa walilijua hilo kuliko mwandishi yeyote. Walichokitafuta wengi wao kilikuwa kitu cha karibu zaidi: kuambiwa maiti ilitupwa wapi. Choo gani, shimo gani, kisima gani. Arusha haikuwa na jibu la swali hilo, na haikuundwa kulijibu. Gacaca ilisaidia kufukuliwa na kuzikwa kwa heshima watu wengi mno, na kwa maoni ya mwandishi huyu, hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko hukumu zote.

Lawama zake nazo ni nzito. Mashahidi waliuawa kabla ya kusema. Wengine walisingiziwa kwa sababu ya shamba au chuki ya zamani. Uhalifu uliofanywa na askari wa RPF, kundi la waasi lililoshinda vita, haukuruhusiwa kusikilizwa humo, kwa hiyo familia zenye msiba huo zilikaa vikaoni wiki baada ya wiki zikisikiliza misiba ya wengine tu. Ripoti ya Human Rights Watch ya Mei 2011 iliorodhesha mengi ya hayo. Hata hivyo kesi zipatazo 277,000 ziliishia kwa washtakiwa kuachiwa, idadi ambayo haifanani na mahakama ya kugonga mhuri tu.

Juni 18, 2012, miaka kumi kamili baada ya kuanza na wiki sita hivi baada ya hukumu ya rufaa ya Ntabakuze, gacaca ilifungwa rasmi. Iliacha nyaraka zenye kurasa zaidi ya milioni 60.

Anayetaka kuuona mfumo unaofanana na kikao cha zamani asiutafute katika nyaraka hizo. Autafute kwa abunzi, wapatanishi waliotajwa katika Katiba ya 2003 na kuanza kazi 2004, ambao baadaye waliwekwa katika kila seli na sekta, Kabeza ikiwamo. Hawalipwi mshahara, ingawa serikali huwasaidia bima ya afya. Mpaka wa kiwanja, urithi, deni la dukani: hayo ndiyo mambo yao. Awali walisikiliza hata wizi mdogo na matusi. Sheria ya 2016 iliwaachia madai tu, na kupunguza idadi yao katika kamati kutoka 12 hadi 7. Asiyeridhika hupanda ngazi hadi mahakamani.

Makosa ya jinai nayo yametafutiwa njia nyingine. Oktoba 2022, mahakama kadhaa zilianza majaribio ya kuruhusu mshtakiwa na mwendesha mashtaka kukubaliana juu ya kukiri na adhabu, na kila makubaliano hupita mbele ya jaji. Na uzoefu wa gacaca haukuishia nyarakani: Desemba 2024, Domitilla Mukantaganzwa, aliyekuwa katibu mtendaji wa taasisi iliyosimamia mahakama za gacaca nchi nzima, aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu wa Rwanda.