Kuhasi Wanyama Wachanga katika Vyuo vya Tiba ya Mifugo vya Marekani

Kwa miongo mingi ya karne ya 20, madaktari wa wanyama nchini Marekani waliwahasi mbwa na paka wakiwa na umri wa miezi sita hivi, na wanafunzi wao wakaurithi umri huo kama kanuni, ingawa ulitokana zaidi na mazoea kuliko utafiti. Vilivyoumia ni vituo vya hifadhi, yaani mahali wanapotunzwa wanyama wasio na wenyewe, kwa kuwa paka aliyechukuliwa na mlezi akiwa na wiki nane aliondoka kwa ahadi tu ya kurudishwa kuhasiwa, na ahadi hiyo isipotimizwa aliweza kuzaa kabla ya kutimiza mwaka.

Mwaka 1987 daktari Leo Lieberman alitetea kuhasi katika umri wa miezi miwili, na mwaka 1991 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida wakaonyesha kwamba mbwa waliohasiwa wakiwa na wiki saba hawakudumaa, bali mifupa yao ilirefuka kidogo zaidi, kwa kuwa gegedu za ukuaji, yaani sehemu laini zinazorefusha mifupa, zilichelewa kufunga. Mwaka 1993 Chama cha Madaktari wa Wanyama cha Marekani kiliunga mkono kuhasiwa mapema kwa wanyama wa vituo.

Idhini hiyo peke yake haikumpa mwanafunzi ujuzi, kwani mwili mchanga una akiba ndogo ya sukari na hupoteza joto upesi. Hivyo alifundishwa kumnyima mnyama chakula kwa saa chache tu kabla ya nusukaputi, dawa inayomlaza mgonjwa asihisi kisu, kumlaza mahali penye joto, na kumlisha kidogo mara azindukapo. Upasuaji wenyewe ulikuwa mwepesi, kwa kuwa uchache wa mafuta tumboni uliacha mishipa ya damu ionekane wazi. Katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, ripoti ya mwaka 1997 kuhusu wanyama wa vituo karibu 2,000 waliohasiwa katika mafunzo ya upasuaji ilionyesha kwamba wenye umri chini ya wiki 12 walipata matatizo madogo machache kuliko waliofikisha wiki 24.

Hata hivyo, mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waligundua kwamba mbwa wa aina ya Golden Retriever waliohasiwa kabla ya mwaka mmoja waliugua viungo zaidi. Kwa hiyo mwanafunzi anayefundishwa umri mmoja kwa wanyama wote, uwe wiki nane au miezi sita, amefundishwa mazoea, hajafundishwa tiba.