Jenerali Ogolla: heshima ya kaburi na heshima ya historia

Huku Brussels tuzima, kazi zinaendelea, zamu za usiku zinatumaliza lakini tunashukuru Mungu.

Juzi binamu yangu kanipigia simu na katikati ya mazungumzo akaniuliza: "Dada, hivi ni kweli Wakenya wa huko mlikosana kwa sababu ya marehemu Jenerali Ogolla?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Ni kweli. Tulikosana, na wengine hawajapatana mpaka leo. Nikamwambia swali hilo halitoshi kwenye simu, nitaliandika hapa ili nyote msome. Haya, vuteni viti.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Alhamisi tarehe 18 Aprili 2024 Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Omondi Ogolla, alikuwa katika ziara ya Bonde la Ufa kaskazini. Alikwenda kuwaona wanajeshi wa operesheni ya kupambana na majangili na kukagua shule zilizokuwa zikikarabatiwa baada ya kuharibiwa na ghasia. Mchana, muda mfupi tu baada ya kuruka kutoka Chesegon, helikopta yao ilianguka eneo la Sindar, kaunti ya Elgeyo Marakwet. Walikuwa watu 12. Kumi walifariki, wawili wakaokoka. Jioni ile Rais William Ruto akatangaza msiba na siku tatu za maombolezo, bendera nusu mlingoti. Kenya haikuwa imewahi kumpoteza Mkuu wa Majeshi akiwa kazini.

Jumapili tarehe 21 akazikwa kwao Alego, kaunti ya Siaya. Wengi mnakumbuka mazishi yale. Mwenyewe alikuwa ameacha wosia kwamba azikwe ndani ya saa 72 na bila jeneza. Kwa Wajaluo, ambao matanga yao huweza kuchukua wiki nzima na kumaliza ng'ombe wa boma, huo ulikuwa ujumbe mzito. Jenerali mwenye nyota nne, mizinga inapigwa, viongozi wote wamejaa, lakini yeye kashuka udongoni bila sanduku.

Sasa huku kwetu. Wiki ileile Wakenya wachache tulikuwa na kikao cha kawaida cha chama chetu, mambo ya michango na chakula. Mzee mmoja akapendekeza tusimame dakika moja kimya kwa ajili ya marehemu. Kabla hatujainuka, kijana mmoja akasema yeye hasimami. Akaulizwa kwa nini. Akajibu neno moja tu: "Bomas." Wee! Ukumbi ukawaka moto. Mama mmoja wa Siaya akalia. Wengine wakatoka nje. Dakika ile ya kimya haikupatikana.

Kwa wale wadogo ambao 2022 walikuwa hawafuatilii siasa, nieleze. Tarehe 15 Agosti 2022, ukumbi wa Bomas of Kenya, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi Wafula Chebukati alimtangaza Ruto mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Makamishna wanne wakayakataa matokeo. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, Chebukati aliapa kwa maandishi kwamba kabla ya kutangaza alijiwa na ujumbe wa maafisa wakubwa wa usalama na serikali, wakimtaka aupindue ushindi uwe wa Raila, au angalau twende duru ya pili. Miongoni mwa aliowataja ni Luteni Jenerali Ogolla, wakati huo Naibu Mkuu wa Majeshi. Tarehe 5 Septemba majaji wote kwa kauli moja wakathibitisha ushindi wa Ruto.

Halafu likaja la kushangaza. Aprili 2023 Ruto huyohuyo akampandisha Ogolla kuwa Jenerali na Mkuu wa Majeshi! Rais mwenyewe alisimulia hadharani kwamba watu wengi walimshauri asifanye hivyo, lakini alipotazama rekodi zake akaona hakuna aliyestahili zaidi. Akasimulia pia kuwa alimuuliza habari za Bomas, naye Ogolla akasema hana la kujitetea. Wengine wakasema huo ndio msamaha wa kiungwana. Wengine wakasema hapana, yule aliyekosewa si Ruto peke yake. Aliyekosewa, kama kosa lilikuwepo, ni mwenye kura, na mwenye kura hakuulizwa.

Ili muelewe kwa nini jambo hili linauma, rudini nyuma kidogo. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga la Kenya walijaribu kuipindua serikali ya Moi. Walishindwa, watu wengi wakafa, na jeshi lile likavunjwa na kuundwa upya chini ya jina jingine. Hapo ndipo kijana Ogolla alipoingia, mwaka 1984, jeshi la anga likiwa bado linanuka aibu. Akawa rubani wa ndege za kivita za F-5, akapanda cheo baada ya cheo, na mwaka 2018 akalishika jeshi hilohilo la anga kama kamanda. Kazi ya kizazi chake ilikuwa kurudisha imani ya wananchi kwamba mwanajeshi wa Kenya hukaa kambini, hagusi siasa. Kwa hiyo ukimsifu kwa hilo, una haki. Na ukiuliza kwa nini jina la afisa kama huyo lionekane kwenye kiapo kuhusu ukumbi wa kuhesabia kura, una haki pia. Yote mawili ni ya mtu mmoja.

Msidhani ni sisi tu wenye mgogoro wa namna hii. Waganda wana wao. Oyite Ojok mnamkumbuka? Tarehe 11 Aprili 1979 sauti yake ndiyo iliyosikika Radio Uganda ikitangaza kuanguka kwa Idi Amin. Yeye na wenzake wa Kikosi Maalum waliingia Kampala pamoja na wanajeshi wa Tanzania, na watu walicheza barabarani. Lakini mwaka uliofuata, Rais Binaisa alipotaka kumwondoa kwenye ukuu wa majeshi, Binaisa ndiye aliyeondolewa. Ukaja uchaguzi wa Desemba 1980 ambao wapinzani walisema umeibwa, kisha vita vya Luwero ambamo raia wengi mno waliuawa. Tarehe 2 Desemba 1983 Oyite Ojok akafa kwa ajali ya helikopta akitoka kwenye vita hivyo. Serikali ilisema ni ajali, uvumi ukasema mengine. Nafasi yake ikagombaniwa. Obote akamteua Opon Acak, afisa wa kabila lake la Walango, maafisa wa Kiacholi wakaona wameonewa, na tarehe 27 Julai 1985 wakampindua. Mpaka leo, uliza kule Lango utaambiwa Oyite Ojok ni shujaa mkombozi. Uliza Luwero. Hutapata jibu hilo.

Huku hospitalini tuna wauguzi wengi kutoka Poland. Mmoja wao, tukiwa zamu ya usiku, nilimsimulia habari ya Ogolla naye akatikisa kichwa akasema, "Sisi tunayo kubwa zaidi." Kweli. Tarehe 10 Aprili 2010 ndege ya rais wao ilianguka Smolensk, Urusi, wakafa watu 96, rais Lech Kaczyński na mkewe na makamanda wakuu wa jeshi. Rais alipozikwa katika kasri la Wawel mjini Kraków, pamoja na wafalme, watu waliandamana kupinga. Na kamanda wa jeshi la anga, Jenerali Andrzej Błasik, alipandishwa cheo baada ya kufa. Januari 2011 ripoti ya Warusi ikasema alikuwa chumba cha marubani, na kwamba alikuwa na pombe mwilini. Basi, waliomsifu wakageuziwa kibao. Mwaka uliofuata wataalamu wa sauti wa Kraków wakasema maneno aliyodhaniwa kuyasema mle chumbani yaelekea yalikuwa ya rubani msaidizi. Mjane wake alikuwa amebeba aibu hiyo muda wote huo.

Somo nililolipata mimi hapo ni hili: aliyeharakisha kumsifu aliumbuka, na aliyeharakisha kumlaani naye akaumbuka.

Na hapa Brussels? Karibu na Bunge la Ulaya kuna bustani ndogo inaitwa Square de Meeûs. Kwa miaka mingi palikuwa na sanamu ya Jenerali Émile Storms. Huyu bwana alikuwa luteni tu alipofika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, upande ambao leo ni Tanzania, miaka ya 1880. Mwaka 1884 watu wake walimshambulia chifu Lusinga wa Watabwa, ng'ambo ya ziwa, wakamuua na kumkata kichwa. Fuvu likasafirishwa Ubelgiji na likahifadhiwa hapahapa mjini. Lusinga naye hakuwa malaika, aliteka na kuuza watu, tuseme ukweli. Lakini ni nani aliyewekewa sanamu na ni nani aliyewekwa kabatini? Ilichukua zaidi ya miaka 100 mpaka mwaka 2022 sanamu ile ikaondolewa. Jiwe ni rahisi kulisimamisha, kuling'oa ni kazi ya vizazi.

Nimewaza sana juu ya mambo haya na sasa niseme langu. Mkinipinga, niandikieni.

Nadhani tunachanganya heshima mbili. Ya kwanza ni heshima ya kaburi. Hiyo ni haki ya kila aliyekufa kazini, na haihitaji kuuliza alimpigia nani kura au aliingia ukumbi gani. Mimi kazini nawaosha waliofariki. Simwoshi mtu kulingana na alivyoishi. Namfunika shuka vizuri, nafunga macho yake, basi. Dakika moja ya kimya ni heshima ya aina hiyo, na ningesimama. Nilisimama, hata kama tulikuwa wanne tu.

Ya pili ni heshima ya historia. Kumwita mtu shujaa wa taifa, kuandika jina lake kwenye kambi au barabara au kitabu cha shule. Hiyo haina haraka. Hiyo ina masharti, na sharti la kwanza ni ukweli kusemwa wote. Yule kijana aliyekataa kusimama nilizungumza naye baadaye. Aliniambia, "Sister, wakubwa wakishajua kwamba kifo kinafuta kila kitu, hawataogopa chochote wakiwa hai." Siwezi kusema ni mjinga. Hoja yake ni nzito. Ila mahali pake ni kwenye heshima ya pili.

Tena angalieni: kisa cha Bomas tumekisikia kutoka kwa Chebukati kwenye kiapo chake na kwa Rais kwenye simulizi yake. Chebukati naye alifariki Februari 2025. Raila akafuata Oktoba 2025, akazikwa kwa heshima za kitaifa, na ubishi uleule ukarudi, sifa huku na lawama kule. Maneno ya Ogolla tunayajua kupitia kinywa cha aliyebaki. Huenda ni kweli tupu. Lakini jirani akikueleza alichoungama marehemu, utamsikiliza, na bado utatamani ungemsikia marehemu mwenyewe. Ndiyo maana nasema walio hai kati ya waliokuwepo siku ile waulizwe, waandike, waseme, wakiwa bado na pumzi. Kimya chao ndicho kinachomdhulumu Ogolla kuliko mtu yeyote aliyekataa kusimama.

Jambo la mwisho, na hili ndilo lililoniuma zaidi kwenye ugomvi wetu. Katika kelele zile zote, hakuna hata mmoja wetu, wa upande huu wala ule, aliyewataja wengine. Helikopta ile ilikuwa na brigedia, kanali, luteni kanali, meja, makapteni wawili, sajini mwandamizi mmoja na masajini wawili, mmoja wao mwanamke. Tisa! Hawakutajwa kwenye kiapo chochote. Hakuna anayewadai maelezo. Kama tunatafuta heshima isiyo na mzozo, ipo hapo, imelala miaka hii yote inatusubiri. Siku nyingine kikao chetu kikikumbuka msiba ule, mimi nitapendekeza tuanze na majina yao, kuanzia sajini kwenda juu, na la jenerali lije mwisho. Tuone nani atakataa kusimama.

Haya, nimeandika mno na zamu yangu inaanza saa tatu usiku. Nisalimieni shangazi, mwambieni dawa za presha amalize zote, asiache katikati. Na wewe binamu uliyeuliza swali, jibu lako ndilo hilo.

Wasalaam, hadi wakati mwingine Mola akipenda.