Ulinzi wa Sahani Zitunzazo Maandishi

Watu wakisimulia historia ya kompyuta huwataja wabunifu, na ni wachache wawakumbukao walinzi. Lakini chombo kitunzacho hesabu za benki, habari za wagonjwa na mishahara ya wafanyakazi hakina faida kubwa kikibuniwa kwa ustadi kisha kikafa pasipo mtu kuitambua dalili ya ugonjwa wake. Habari nitakayoieleza hapa ni ya ulinzi huo.

Sahani za kwanza za namna hii zilizaliwa San Jose, katika jimbo la California, nchini Marekani. Mwezi wa Septemba 1956 kampuni ya IBM ilitangaza mtambo wa RAMAC, kazi ya wahandisi walioongozwa na Reynold Johnson. Ndani yake zilipangwa sahani 50, kila moja yenye kipenyo cha inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika; nazo zote pamoja zilichukua herufi milioni 5 tu. Kodi ya mtambo ilikuwa dola 3,200 kwa mwezi. Kichwa cha kusomea hakikupaswa kuigusa sahani, na kilichowatenga wawili hao ni hewa iliyosukumwa kwa pampu. Basi aliyetaka kuilinda sahani ilimpasa kwanza ailinde pampu. Fundi alikuja na vyombo vyake, akatazama, akagusa, akasikiliza. Mashine yenye makelele ina fadhila moja, kwamba ugonjwa wake husikika.

Mwaka wa 1961, katika mtambo wa IBM 1301, kichwa kilianza kuelea juu ya hewa iliyovutwa na mzunguko wa sahani yenyewe, karibu zaidi na uso wake kuliko zamani. Ukaribu huo uliongeza nafasi ya maandishi, ukaongeza na uadui wa vumbi. Mwaka uliofuata ulitolewa mtambo wa 1311, ambao sahani zake sita ziliweza kuchomolewa pamoja na kuwekwa kabatini kama kitabu. Uhuru huu ulikuwa na gharama yake. Chembe ya vumbi ilipoingia, kichwa kilianguka na kuichubua sahani. Mtumishi asiyejua yaliyotokea alizitoa sahani zile, akazitia katika mtambo wa pili ili aone kama zitasomeka. Vichwa vya mtambo wa pili navyo vikaharibika. Kisha, kwa kuushuku mtambo wa kwanza, alitia ndani yake sahani nzima, nazo zikachubuka vile vile. Maradhi yakaenda kama ndui, nyumba kwa nyumba. Kwangu mimi kisa hiki kina uzito kuliko vingi, kwa kuwa madhara yaliletwa na bidii ya mlinzi, wala si na uvivu wake.

Dawa ilipatikana mwaka wa 1973, vichwa na sahani vilipofungwa pamoja katika sanduku moja, kwenye mtambo wa 3340 uliopewa lakabu ya Winchester. Vumbi lilizuiwa mlangoni. Na jicho la fundi likazuiwa pamoja nalo.

Mwaka wa 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walishauri kwamba diski nyingi ndogo za bei nafuu zitumike badala ya moja kubwa. Hawakuificha hatari: ikiwa diski moja hudumu saa 30,000, katika diski 100 ajali ya kwanza yatazamiwa baada ya saa 300, yaani kabla ya majuma mawili kwisha. Kinga yao ilikuwa akiba. Andika 4, 7 na 2 katika diski tatu, na jumla yake, 13, katika ya nne. Yoyote ikifa, zilizobaki zitakuambia ilikuwa na nini. Hesabu yenyewe ndani ya mtambo ni ya namna nyingine, lakini maana ni hiyo.

Katika miaka ya 1990 diski zilifundishwa kujipima zenyewe: joto lake, makosa ya kusoma, sehemu zilizoharibika zikahamishwa. Utaratibu huo uliitwa SMART. Je, mgonjwa aweza kuaminiwa ajitabirie kifo? Jibu lilitolewa Februari 2007, katika mkutano uliofanyika San Jose, mji ule ule. Watafiti wa Google, waliochungua diski zaidi ya 100,000, walionyesha kuwa diski iliyopatikana na kosa la kwanza katika ukaguzi ilielekea kufa ndani ya siku 60 mara 39 kuliko isiyo na kosa. Ila zaidi ya theluthi moja ya zilizokufa hazikutoa dalili yoyote, joto likiwekwa kando. Mkutanoni hapo Bianca Schroeder na Gibson yule yule walisema kwamba ahadi za watengenezaji zilimaanisha vifo visivyofika 1 katika 100 kwa mwaka, ilhali diski zilizobadilishwa kazini aghalabu zilikuwa 2 hadi 4, na mahali pengine 13.

Kwa hiyo mitambo mikubwa husoma diski zake zote mara kwa mara, hata maandishi ambayo hayakuulizwa na mtu kwa miaka. Saa ya hatari ni ile diski moja imekwisha kufa, fundi ameichomoa na kutia mpya huku kazi ikiendelea, na kila iliyobaki haina budi kusomwa tangu mwanzo hadi mwisho. Penye akiba moja tu, ikiwa katika mojawapo imo sehemu iliyooza kimya tangu mwaka jana, itajulikana saa hiyo, wakati jumla haina tena tarakimu za kuirudisha.