Kiti cha Mzee Thonet

Tangu nimalize kidato cha nne naandika riwaya, na nyumbani wananiuliza, "Utakula karatasi?" Ndipo ninapomkumbuka Michael Thonet, seremala wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1796.

Jamaa huyu hakutaka kuchonga viti kama wenzake. Alitaka kukunja mbao. Alianza kwa kugandisha vipande vyembamba kwa gundi. Madeni yakamwelemea, wadai wakachukua mali yake kule Boppard. Mwaka 1842 akahamia Vienna, Austria, akaanza upya.

Hakukata tamaa, bwana. Akajifunza kulainisha mti kwa mvuke na kuukunja mzimamzima kwenye kalibu ya chuma. Mwaka 1859 kiwandani kwake kikatoka kiti namba 14: vipande sita vya mti, skrubu kumi, nati mbili, basi! Viti 36 vilivyofunguliwa vilienea katika sanduku la mita moja ya ujazo, vikapakiwa melini. Kufikia 1930 vilikuwa vimeuzwa yapata milioni 50.

Mzee alikuwa na miaka 63 alipotoa kiti hicho. Mimi nina 24, eti nimechelewa! Waache waseme. Narudi kwenye sura ya tatu.