Mzunguko wa Matukio na Amri Zinazohimili Nyuzi

Mfululizo wa amri unaotekelezwa sambamba na mingine ndani ya programu moja tunauita uzi, wingi nyuzi, na neno hilo limeshazoeleka. Penye mjadala ni mzunguko wa matukio: uzi mmoja unaochukua tukio lililo mbele ya foleni, ukalishughulikia mpaka liishe, kisha ukarudi kuchukua jingine. Foleni ikiwa tupu, unalala hadi uamshwe. Wanaopendekeza kitanzi siafikiani nao, maana kitanzi hunasa, na huu hautakiwi kunaswa na lolote.

Hatari huanza pale uzi wa nje unapotaka kuupelekea mzunguko kazi. Maktaba ya asyncio, iliyoingia katika Python 3.4 mwaka 2014, ina amri mbili: call_soon na call_soon_threadsafe. Zote huweka kazi kwenye foleni, ila ya pili huandika pia baiti moja kwenye soketi ambayo mzunguko unaisikiliza, ili uamke. Ukiita ya kwanza kutoka uzi mwingine, kazi huingia foleni mzunguko ukiwa umelala, ikakaa humo mpaka tukio jingine kabisa liuamshe. Wakati wa majaribio matukio ni mengi, kosa halionekani. Usiku wa manane, watumiaji wakipungua, programu inaganda na haitoi ujumbe wowote. Linaloniudhi ni kwamba jina fupi, linalokuja mkononi kwanza, ndilo lenye hatari, na uzi unaoita hukaguliwa tu iwapo mtu amewasha hali ya kusaka hitilafu.

Amri ya pili wengine huieleza kuwa ni “salama kwa nyuzi”. Lakini nyuzi hazimo hatarini. Kinachoharibika ni data zinazoguswa na nyuzi mbili kwa pamoja. Ndiyo maana nasema amri inahimili nyuzi.

Lugha ya Rust imeufikisha ukaguzi wa nyuzi mbali zaidi: kitu kisichofaa kuvuka kwenda uzi mwingine, kompaila hukikataa kabla programu haijaendeshwa hata mara moja. Hata pasipo kompaila ya namna hiyo, mbunifu wa kiolesura anaweza kutowakabidhi watu wa nje mzunguko wenyewe. Awape kitu kidogo chenye amri moja tu, ya kupeleka kazi, inayohimili nyuzi na inayotoa kosa bayana mzunguko ukishafungwa. call_soon ibaki ndani, mikononi mwa kazi zinazoendeshwa na mzunguko huohuo.